Orodha ya Cherehani

Hati za mishahara naziandika mimi,
kwa hiyo siwezi kusema sikujua.
Novemba: majina arobaini na matatu,
saa za kawaida, saa za ziada,
makato ya bima yamekatwa barabara,
na chini kabisa, kwa wino mzito: Jumla ya Kulipwa.
Nikapiga mhuri, nikakunja, nikagawa.
Karatasi zikafika. Pesa hazikufika.

Mteja wa Ufaransa kachelewa, alisema Senhor Valdemar.
Desemba mteja kachelewa tena.
Januari benki ina hitilafu.
Februari akashuka mwenyewe hadi chumba cha kushonea,
koti la sufu begani,
akatuomba subira: kiwanda hiki, akasema, ni familia.
Albertina wa vifungo akang'ata uzi, akautema.
"Familia gani hii, bwana, ambayo baba hula peke yake?"

Huku bonde la Ave jasho haliulizi ruhusa ya kukauka,
baridi hulimaliza likiwa bado shingoni.
Deolinda alikatiwa gesi; akapika supu ya kabichi
kwa kuni za mzabibu alizopogoa kwa jirani.
Mwenye duka la dawa alifungua daftari jipya kwa ajili yetu.
Nami, karani, nilipita vichochoroni
kama mtu aliyeiba kitu,
ilhali na langu jina lilikuwemo, mstari wa kumi na tisa.

Jioni moja, ukumbi wa parokia,
Dokta Graça wa chama cha wafanyakazi, mwavuli ukichuruzika,
hakutuhubiria. Alituuliza tarehe.
"Mshahara si fadhila," alisema. "Ni deni, na deni hili lina siku yake.
Ukiondoka kwa hasira, umeacha kazi.
Ukiondoka kwa barua, sababu umeiandika,
siku sitini zimepita bila senti,
basi aliyevunja mkataba ni yeye,
na fidia unaidai ukiwa umesimama wima.
Ila zilindeni cherehani. Zikiuzwa usiku,
hakimu atawapa haki,
na haki tupu mtaipeleka duka gani?"

Tukawasha moto kwenye pipa, langoni.
Zamu ya usiku, bila saa za ziada.

Lori lilikuja saa nane, taa zimezimwa,
Rúben mwana wa Valdemar kakaa mbele na funguo.
Hakuna aliyepiga kelele. Mimi nilitoa orodha,
nambari za mashine zote, nilizozinakili ofisini
kwa mwandiko wangu ule ule wa hati,
nikaanza kusoma.
Kila nambari ikamwita mwenyewe:
"Ipo," alisema Albertina.
"Ipo," Deolinda, mikono ingali kwapani.
"Ipo," alisema Piedade kwa niaba ya dada yake mgonjwa.
Nilipofika ya thelathini na moja
dereva wa lori akashusha kioo.
"Hawa wanadai miezi mingapi?"
"Minne."
Akamgeukia kijana. "Na mimi ulisema utanilipa lini?"
"Ijumaa."
Akautazama moto, akatutazama sisi,
akanyoosha kiganja. "Nilipe sasa."
Rúben akapapasa mifuko kama anayetafuta kiberiti.

Lori likarudi kinyumenyume, likilia pi, pi, pi,
hadi kona ya duka la mikate.

Kulipokucha tulikuwa foleni posta,
barua arobaini na tatu za rejista.
Yule mama wa dirishani aligonga mihuri
mpaka akabadilisha mkono.

Pesa? Bado. Kesi imepangwa Septemba.
Lakini jana, pasipo kuagizwa na mtu,
nimeandika hati moja ya mwisho.
Jina: Valdemar. Safu ya deni. Safu ya riba, siku kwa siku.
Na chini kabisa, kwa wino mzito,
Jumla ya Kulipa.
Nikaihesabu mara mbili,
kama nilivyofundishwa kazi.